Siku Mama Alipopanda Juu ya Paa

Juzi nilishuka Malaba kumwona binti yangu. Karibu na pale malori yanapojipanga kungoja forodha, nikakuta vijana wanaezeka kibanda cha nyama choma. Nyasi zilikuwa mbichi, zimekatwa asubuhi ileile. Nikasimama. Harufu ya nyasi za kuezekea mnaijua nyinyi mliokulia huku: ina utamu wa mua uliotafunwa, ina vumbi, ina panya kidogo ndani yake, na ina mvua ambayo bado haijanyesha. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Nikamwambia simtafuti mtu. Lakini macho yangu yalikuwa juu ya fito, yanatafuta gauni la maua ya njano.

Turudi nyuma basi, wenzangu wa rika langu. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na bendera ya pale kizuizini, mpakani Busia, haijaanza kuchujuka. Kwetu kulikuwa kando ya barabara ya kwenda Funyula, si mbali na mji kwa mtoto mwenye miguu mepesi. Baba alitengeneza baiskeli chini ya kipande cha mabati karibu na mpaka. Mama alilima pamba na mihogo. Na Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, mama yake Baba, alikuwa na msonge wake hapo hapo bomani, na yeye ndiye aliyenifundisha sheria.

Sheria za Kukhu zilikuwa nyingi. Msichana hapigi mluzi. Mwanamke hali kuku. Anaweza kumfuga, kumkimbiza, kumnyonyoa na kumpika, lakini kumla ni kazi ya wanaume. Mwanamke hapandi mti. Na kubwa kuliko zote, mwanamke hapandi juu ya paa. "Akipanda paa," Kukhu alisema, "amempanda mumewe kichwani. Na mwanamume aliyepandwa kichwani hakai. Anakufa."

Alisema hivyo bila kutisha, kama mtu anayekwambia maji yanalowesha. Mimi nikaamini yote. Katika akili yangu kulikuwa na kamba isiyoonekana, imefungwa kutoka paa la nyumba yetu mpaka utosini kwa Baba. Baba alikuwa ameanza kuota upara, na mimi nilijua sababu: Mama alikuwa na tabia ya kupanda kistuli kutundika kikapu cha mbegu darini. Kila akipanda kistuli, nilitoka nje kuangalia kama Baba bado ana nywele.

Mwaka huo ndio alikuja Mwalimu Rosa. Alikuwa msichana wa Kiteso kutoka upande wa Chakol, mwembamba, mwenye meno ya kucheka, na alikuja juu ya baiskeli. Mwanamke, juu ya baiskeli! Mbwa walimfukuza kwa sababu hata wao hawakuwa wameona jambo hilo. Aliletwa na watu wa elimu kufundisha kina mama kusoma na kuandika na kushona, pamoja na wasichana waliotolewa shule ili walee wadogo zao. Alisalimu watu kwa Kiteso, "Yoga!", halafu anaingia Kiswahili, halafu anachanganya na Kimarachi cha jirani zetu alichookota njiani, na kina mama wakampenda siku ileile.

Mama alikuwa wa kwanza kufika. Kaka yake alipelekwa shule, yeye akapelekwa kuchuma pamba. Kila msimu, akiuza pamba ghalani, karani alimshika kidole gumba, akakichovya kwenye wino wa zambarau, akakigandamiza kwenye karatasi kama anaua kupe. Akirudi nyumbani Mama alikisugua na majivu mpaka kikawa chekundu, na wino bado upo. "Nataka kidole changu," alimwambia Mwalimu Rosa. "Wamekaa nacho miaka yote hii."

Darasa lilianza kwenye baraza ya kanisa. Wazee wa kanisa wakasema ni kelele. Likahamia ghala la pamba. Pamba ikaja, watu wakatolewa. Mwishowe bwana mmoja wa elimu akafika na gari lake lenye matope, akaangalia wanawake waliokaa juani na watoto mgongoni, akasema neno moja tu la maana. Mwisho wa mwezi atarudi. Akikuta nyumba, nyumba yenye paa, Mwalimu Rosa atabaki. Asipokuta, atampeleka kwingine, mahali watu wako tayari.

Sasa mnajua kujenga kwetu kulivyogawanywa. Wanaume huchimba mashimo, husimamisha nguzo, hufunga fito. Wanawake huleta maji, hukanyaga udongo, hukandika ukuta, huenda bondeni kwenye mto uitwao Sio kukata nyasi na kuzibeba kichwani. Halafu wanawake hukaa chini, na mwanamume hupanda kuezeka. Waume wachache wenye moyo walitusaidia kwa nguzo na fito. Mimi mwenyewe nilikanyaga udongo mpaka magoti, nikiota niko Malaba ndani ya kichwa cha garimoshi natia makaa, kwa sababu ndoto yangu wakati huo ilikuwa kuendesha garimoshi. Msonge ukasimama, mkubwa kuliko wowote niliokuwa nimeuona, umekandikwa vizuri, mafungu ya nyasi yamepangwa kuuzunguka. Kilichobaki ni fundi.

Fundi alikuwa Mzee Wandera. Hakuna aliyeezeka kama yeye kutoka kwetu mpaka Marachi. Alikuwa ameahidi. Lakini jioni moja wanaume walikaa kuzunguka chungu cha pombe ya busaa, kila mtu na mrija wake mrefu, na maneno yakapikwa hapo. Mmoja alisema, "Mke akijua kuandika, atakuuliza ulilala wapi kwa maandishi." Wakacheka mpaka mirija ikatoka midomoni. Kesho yake Mzee Wandera akaja darasani, akazunguka ule msonge mara moja, mikono nyuma.

"Sitaezeka," akasema.

"Kwa nini, mzee wangu?" Mwalimu Rosa akauliza.

"Hii nyumba mwanamume wake ni nani? Nikimaliza paa, isuli nitamwekea nani?"

Isuli ni kile kijiti kinachosimama kwenye ncha ya msonge. Kwetu kinasema nyumba hii ina mwenyewe, mwanamume, na yuko hai. Akifa, wanapanda wanakitoa, na mpita njia akiona paa halina isuli anajua humo mna mjane.

"Mwekee yeyote," Mama akasema.

"Yeyote si mtu," akajibu Mzee Wandera, akaenda zake. Ngazi yake, aliyoileta siku alipoahidi, aliiacha, labda kwa sababu ilikuwa nzito, labda kwa sababu hakuwaza kwamba kuna mtu wa kuipanda.

Walikwenda kwa mafundi wengine. Kila mmoja alikuwa na mgongo unaomuuma. Na kila alasiri mawingu yalitoka upande wa ziwa, meusi, yakasimama juu yetu yakitazama ukuta wetu wa udongo usio na kofia. Mvua moja tu ya kweli ingeurudisha kuwa tope.

Asubuhi ninayoisema, Baba alikuwa ameshaenda mjini. Tulikuwa tunakula mihogo ya jana na chai. Mama akaweka kikombe chini.

"Leo naezeka."

Kukhu aliacha kutafuna. "Unaezeka nini?"

"Darasa."

"Nafula. Una mume."

"Ninaye, mama."

"Unataka kumzika?"

Mama aliingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la maua ya njano, na chini yake kaptura ya zamani ya Baba, ile ya kaki iliyochanika mfuko. Akafunga leso kiunoni mara mbili. Kukhu akachukua jembe lake akaelekea shambani bila kugeuka, na mgongo wake peke yake ulitosha kuwa matusi.

Nilimfuata Mama mpaka darasani. Kina mama walipoona kaptura walipiga vigelegele na kucheka wakashikana mabega. "Mke wa Barasa, hiyo nguo ina mwenyewe!" Mama akasema, "Leo amenikopesha miguu." Mwalimu Rosa alishika ngazi. Mama akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, wa pili, na mimi nikahisi ile kamba inavuta kule mjini, utosini kwa Baba. Sikungoja afike kwenye ncha. Nilikimbia.

Njia nzima nilikuwa naomba nimkute anapumua. Nilipita wenye ng'ombe, nikapita wauza samaki, nikafika pale kizuizini nikilia bila sauti, pumzi imekwisha. Baba alikuwa amechuchumaa, mdomo umejaa nati za baiskeli, anazungusha gurudumu. Karibu yake walikaa dereva mmoja wa lori na taniboi wake, utingo, wakinywa chai.

"Baba, usife!"

Alitema nati mkononi. "Nini?"

"Mama amepanda paa!"

Taniboi akamwaga chai kwa kicheko. "Mzee, umepandwa! Angalia kama kichwa kiko!" Dereva, mtu wa Mombasa, akauliza kwani kuna shida gani mke akipanda paa, na taniboi, ambaye alikuwa mtu wetu, akamweleza. Dereva akasema, "Basi agiza sanda kabisa, nikuletee safari ijayo." Baba hakucheka. Aliangalia mikono yake yenye grisi, akaifuta kwenye kitambaa kidole kwa kidole, polepole sana. Hilo liliniogopesha kuliko chochote. Halafu akanipandisha kwenye keria ya baiskeli, akaanza kukanyaga.

Nilibandika sikio mgongoni kwake njia nzima. Moyo ulikuwa unapiga. Tukipanda mlima ulipiga kwa nguvu, nikadhani ndiyo sasa. Tukishuka ulitulia, nikapumua. Sikujua kama anaenda kumshusha Mama au kumpiga. Nadhani hata yeye hakujua.

Tulikuta watu. Mzee Wandera alikuwepo na wanaume wengine wengi, wamesimama barabarani, mbali kidogo, kama watu wanaotazama moto. Na juu ya fito alikuwa Mama. Alikuwa ameshamaliza safu za chini kuzunguka nyumba yote, maana kuezeka huanza chini kupanda juu, na alikuwa anafunga nyasi kwa kamba ya makonge, meno yameshika kamba, mikono inavuta. Kina mama walimrushia mafungu kutoka chini, naye anayadaka. Nani alimfundisha? Maisha yake yote alikaa chini ya mapaa akirusha nyasi na kutazama. Macho yake yalikuwa yamesoma.

"Barasa!" Mzee Wandera akaita. "Mwambie mkeo ashuke. Sisi tunakutetea wewe."

Baba akalaza baiskeli. Akanishika mkono. Akatazama juu.

"Mama watoto."

"Naam."

"Utaanguka?"

"Bado sijaanguka."

Mafungu yaliacha kurushwa. Baba akatazama mawingu, akatazama ukuta ambao mimi na Mama tuliukandika. Kisha akatembea mpaka kwenye rundo la nyasi lililokuwa chini kabisa ya paa, chini ya miguu ya Mama, akalala chali mbele ya watu wote, kofia kifuani.

"Mimi huyu hapa," akawaambia wanaume. "Ngojeni mwone."

Na kweli, jamani, walingoja! Watu wazima na ndevu zao walichuchumaa kando ya barabara kumngoja baba yangu afe. Mmoja alitoa mahindi ya kuchoma mfukoni akaanza kutafuna. Mimi nilikaa karibu na Baba, mkono juu ya kifua chake. Kila akifumba macho nilimfumbua kwa vidole.

"Wewe hapo chini!" Mama akaniita. "Lete fungu!"

Sikusogea. Nikimpa nyasi nitakuwa nimesaidia. Baba akafungua jicho moja.

"Nenda umsaidie mama yako."

"Na wewe?"

"Nikianza kufa nitakuita."

Nikaenda. Nilibeba fungu la kwanza nikigeuka kumwangalia, la pili nikigeuka, na baadaye nikawa nabeba tu, nyasi zinaniwasha shingoni, kina mama wanaimba, Mwalimu Rosa amefunga sketi yake magotini naye ameshapanda upande wa pili. Wakawa wawili juu. Halafu watatu. Nilipokumbuka kumwangalia Baba tena, alikuwa anakoroma.

Wanaume waliposikia kile kikoromo walianza kutazamana. Mzee Wandera akasimama, amekasirika sasa. Na hapo Kukhu alitokea, anatoka shambani, jembe begani, udongo miguuni.

"Kukhu, afadhali umefika," Mzee Wandera akasema. "Huyu ni mwanao aliyelala hapa. Sema neno. Washuke."

Kukhu alimtazama mwanawe anayekoroma. Akamtazama Mama juu. Kisha akamgeukia Mzee Wandera, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Wandera. Mume wangu alipokufa ulikuwepo?"

"Nilichimba kaburi mimi mwenyewe."

"Nilikuwa nimepanda paa gani?"

Mzee Wandera akatazama ngazi yake.

"Kuku sijaonja mpaka leo, najua harufu yake tu. Mti sijapanda. Kistuli sijapanda. Yote mliyoniambia nisifanye, sikufanya. Na akafa hivyohivyo, mchana, jua linawaka, amenishika mkono. Halafu wewe ukapanda ukatoa isuli yangu, na mimi nimesimama hapa chini nakuangalia." Akashusha jembe. "Niliyashika yote, Wandera. Yalinishikia nani?"

Sijui kama alikuja na maneno hayo tayari au aliyapata pale pale. Najua uso wake ulionekana kama wa mtu aliyesikia jambo kwa mara ya kwanza, kutoka kinywani mwake mwenyewe. Akachukua jembe, akaligonga kwenye jiwe mara kadhaa mpaka chuma kikatoka. Ukabaki mpini, umelainishwa na viganja vyake vya miaka yote.

"Nafula," akaita. "Shika hii isuli."

Mpini ulipita mkono kwa mkono, mwanamke kwa mwanamke, ukapanda ngazi, ukafika kwa Mama kwenye ncha. Akausimamisha, akaufunga kwa kamba, akaukaza. Mvua ya kwanza ilikuja jioni hiyohiyo na upepo wake wote. Ndani ya darasa palivuja mahali pawili, na kina mama wakaweka sufuria wakacheza.

Wenzangu, nimeishi kiasi cha kutosha kuona mambo. Garimoshi sikuendesha, shule yangu iliishia njiani kwa sababu ambazo si za leo. Lakini pale Malaba sasa msichana mwenye sare ndiye anayeamua lori gani lipite, na madereva wenye vifua vipana wanamwita boss, wanamwomba. Nikisikia kijana akisema wanawake wa leo wamepewa kila kitu, huwa naumia kwa ajili ya Kukhu. Nani alitupa? Mimi nilikuwepo. Nyasi tulikata wenyewe.

Bwana wa elimu alirudi kama alivyosema. Aliingia, akatazama juu kwa muda mrefu, akakaa kwenye benchi la nyuma akasikiliza somo zima, akaondoka peke yake. Mwalimu Rosa akabaki.

Mzee Wandera naye hakuwa amemaliza. Asubuhi moja darasa likiwa limejaa, watoto wachanga mgongoni, Kukhu mbele kabisa kwa sababu ya macho yake, yeye na wazee wawili walisimama mlangoni na ngazi yao. Mama alikuwa ubaoni, chaki mkononi, anaandika jina lake. Alikuwa amefika katikati.

"Tumekubali mmeezeka," Mzee Wandera akasema. "Nyumba ikae. Lakini isuli itoke. Nyumba isiyo na mwanamume haibebi isuli. Ndiyo desturi."

Mwalimu Rosa alitaka kujibu. Mama akamwinulia mkono wenye chaki.

"Mzee, wewe ndiye unayejua desturi. Isuli hutolewa lini?"

"Mwenye nyumba akifa."

"Haya." Mama akageukia benchi, akawatazama mmoja mmoja bila haraka, mpaka mimi niliyekaa sakafuni nikavuta pumzi kubwa ili aone napumua. Kisha akamrudia Mzee Wandera.

"Hapa hakuna aliyekufa. Ingia ukae, mzee, nafasi ipo. Ama usogee kidogo hapo mlangoni, unatuzibia mwanga."

Akasogea. Mama akageuka, akamalizia jina lake.